Stafford kwenye mechi za dakika tatu: niache au niendelee?

SWALI: Shikamoo kocha. Nacheza sataranji kwenye tovuti ya Lichess, na karibu mechi zangu zote ni za dakika tatu. Nikiwa na kete nyeusi nategemea gambiti ya Stafford kila mpinzani akiniruhusu. Mwanzoni ilinipandisha hadi kiwango cha 1700 na ushee, sasa nashuka tu. Mtego ukinasa nashinda kabla ya hatua ya kumi na tano, usiponasa napigwa vibaya. Jirani yangu ambaye tunacheza naye jioni anasema huo ni utapeli, niache nijifunze chess ya kweli. Nimeanza pia kuichungulia gambiti ya Englund. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usiiache, ila acha kuicheza hivyo unavyoicheza. Kinachokushusha si Stafford. Unaujua mtego, lakini huujui mchezo unaokuja pale mtego unapokosa. Hilo haliwezi kuelezwa bila ubao, kwa hiyo toa wako, au fungua ubao wa uchambuzi kwenye simu, tusogeze kete pamoja. Nitatumia alama zilezile unazoziona Lichess: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na askari hana herufi; x ni kula, + ni cheki (mfalme anashambuliwa), O-O ni kumficha mfalme pamoja na ngome, nukta tatu ni hatua ya Nyeusi, ! ni hatua nzuri na ?? ni kosa kubwa.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuiona gambiti hii, yaani ufunguzi wa kutoa askari kwa makusudi, inaanza hivi: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6. Huo ni Ulinzi wa Petrov, unaobeba jina la Alexander Petrov, Mrusi wa karne ya 19. Kisha 3.Nxe5, farasi mweupe anakula askari wa e5. Mtu mwenye busara hujibu 3...d6, anamfukuza farasi kwanza ndipo naye akale e4. Sisi wa Stafford tunacheza 3...Nc6 na kumwambia Nyeupe, karibu, kula. Anakula: 4.Nxc6 dxc6. Askari wetu mmoja amekwenda na hatumdai mtu.

Tumepata nini? Tazama upande wa Nyeupe. Farasi wake ametembea hatua tatu nzima, kisha akaliwa. Hana kete hata moja iliyotoka nyumbani, isipokuwa askari wa e4, naye tayari anatishwa na farasi wetu wa f6. Upande wetu maaskofu wote wawili wana njia wazi, na malkia anachungulia safu ya d. Ndiyo maana tulikula kwa askari wa d na si wa b. Hatua inayofuata, mara nyingi, askofu anakwenda c5 kuielekea f2, nyumba ambayo mwanzoni mwa mchezo hulindwa na mfalme peke yake.

Fidia yenyewe ni hiyo tu, haina zaidi. Ukiiachia Stockfish, injini (programu) ya sataranji, ifikiri, itampa Nyeupe ubora wa karibu askari wawili, na sina la kubishana nayo. Gambiti hii ni mbovu. Kwenye mchezo wa kupeana siku tatu kwa kila hatua, usiiguse. Lakini wewe huchezi na Stockfish wala hupeani siku tatu na mtu.

Piga hesabu ya saa. Dakika tatu ni sekunde 180. Mchezo wa hatua arobaini unakupa sekunde nne na nusu kwa kila hatua, na ndani ya hizo umo muda wa kuangalia ubao, kufikiri, kugusa kioo na kuvumilia mtandao. Mpinzani wako alikuja amejiandaa kucheza funguzi za kawaida kama Italia au Ruy Lopez, hatua nane za kwanza azipige kwa mazoea bila kufikiri. Umempeleka mahali asipopajua hatua ya tatu tu. Sasa ana machaguo mawili, na yote yana gharama. Akicheza haraka kwa mazoea anaingia mtegoni, kwa sababu hatua za kawaida, zile ambazo kila kitabu cha wanaoanza kinafundisha, ndizo hatua mbaya hapa. Akisimama kufikiri anapoteza sekunde thelathini au arobaini, na kwenye mechi ya dakika tatu bila nyongeza sekunde hizo hazirudi. Kwa hiyo askari uliyempoteza ulimuuza, na bei yake inalipwa kwa saa.

Kwa sababu hiyo, gambiti ileile ina thamani tofauti kwa kila aina ya mechi. Kwenye 3+0, yaani dakika tatu bila nyongeza, inalipa vizuri. Kwenye 3+2 inalipa kidogo, maana kila hatua inamrudishia mpinzani sekunde mbili. Kwenye 10+0 ana sekunde kumi na tano kwa hatua, na mtu wa 1700 akikaa dakika nzima anaweza kuiona njia peke yake. Kwenye 15+10 hali ni nyingine kabisa, nitaifikia. Kwenye mechi za dakika moja kuna jambo lingine: watu hutanguliza hatua kabla hujacheza, na anayetanguliza hatua ya kumficha mfalme mbele ya Stafford anaweza kujikuta amekufa bila kujua nani kamuua. Ila kule hata wewe hufikiri, kwa hiyo sikusifii ushindi wa huko.

Sasa tuangalie mitego yenyewe kwa karibu. Najua unaijua, lakini nataka uone inafanyaje kazi, siyo inakwendaje tu.

Ule maarufu kuliko yote: 5.d3 Bc5 6.Bg5. Nyeupe kamfunga farasi wako wa f6 kwa malkia, hatua nzuri machoni. Unacheza 6...Nxe4! na kumwachia malkia wako. Akila, 7.Bxd8 Bxf2+ 8.Ke2 Bg4 mati. Simama hapo uhesabu nyumba za mfalme mweupe, moja baada ya nyingine. d1 amekaa malkia wake mwenyewe, f1 askofu wake, d3 askari wake. e1 na e3 zinatazamwa na askofu wa f2. d2 inatazamwa na farasi wa e4, na farasi huyohuyo anamlinda askofu wa f2 asiliwe. f3 ipo kwenye njia ya askofu wa g4, na hana kete ya kuiweka hapo kuziba. Kete zako tatu zimetosha. Asipomla malkia wako na badala yake akila farasi, 7.dxe4, basi 7...Bxf2+ na malkia wake wa d1 amebaki bila mlinzi. Mfalme akila f2, malkia wako anakula d1. Mfalme akikimbilia e2, unampa cheki nyingine 8...Bg4+, na mfalme akila f2 malkia anakwenda vilevile. Njia yake ya kupunguza maumivu ni 7.Be3, na hata hapo unakula 7...Bxe3 8.fxe3 Qh4+ 9.g3 Nxg3 10.hxg3 Qxh1 na umepata ngome kwa farasi.

Wa pili ni wa harakaharaka: 5.e5 Ne4 6.d3?? Anataka kumfukuza farasi. 6...Bc5! Akila farasi, 7.dxe4 Bxf2+ na hadithi ni ileile, malkia kaenda. Alipaswa kucheza 6.d4 kuiziba njia ya askofu kabla haijafunguliwa.

Wa tatu ndio ninaoupenda, na kwa maoni yangu ndio unaoifanya Stafford kuwa Stafford: 5.d3 Bc5 6.Be2. Nyeupe ameshajifunza kutocheza Bg5, anajipanga kwa adabu, anataka kumficha mfalme. Wewe 6...h5! Hatua hii inamsimamisha mtu. Askari wa pembeni anatafuta nini huko? Anamtayarishia farasi nyumba ya g4. 7.O-O Ng4 8.h3, anamfukuza farasi, na wewe huondoki: 8...Qd6, malkia anatisha mati h2. Sasa akiingiwa na tamaa, 9.hxg4 hxg4, ngome yako ya h8 imefunguliwa safu nzima na tishio la Qh2 mati halizuiliki tena. Akijaribu 10.g3, unakula 10...Qxg3 mati, kwa sababu askari wa f2 hawezi kula: amefungwa na askofu wa c5 aliyekaa kimya tangu hatua ya tano. Akitupa askofu 10.Bf4, unakula tu na tishio linabaki palepale.

Mitego yote mitatu inategemea vitu viwili: askofu wa c5 kuiona f2 bila kizuizi, na farasi wako kufika e4 au g4. Ndiyo mashine nzima. Eric Rosen, mchezaji wa Marekani mwenye cheo cha International Master aliyeisambaza gambiti hii kwa mamilioni ya watazamaji kupitia video zake, anaonyesha aina nyingi za mati, na watu wanazikariri kama mashairi. Lakini zote zinatoka kwenye vitu hivyo viwili. Ukilijua hilo, utajua papo hapo ni lini mashine imezimwa, na hapo ndipo wewe unapopoteza mechi zako.

Mashine inazimwa hivi. Baada ya 6.Be2 h5, Nyeupe anayejua hachezi O-O. Anacheza 7.c3! Haina mbwembwe yoyote. Inasema tu kwamba hatua ijayo d3 atakwenda d4, na askofu wako wa c5 atakuwa anatazama ukuta. Mpenzi wa mitego hukimbilia 7...Ng4 kwa mazoea, 8.d4, sasa askofu wake anatishwa. Anaona aibu kurudi, anacheza 8...Qh4, 9.g3, malkia anafukuzwa na askofu bado yuko mdomoni. Baada ya hapo ni kukusanya maiti. Mchezaji anasema, 'nimekutana na mtu aliyeisoma.' Sawa, aliisoma. Lakini 7...Ng4 ulicheza wewe.

Kuna pia 5.f3. Hii inaifunga g4 mapema kabisa, farasi wako hafiki huko. Kwa upande mwingine, Nyeupe amejifungulia mwenyewe ulalo wa kwenda g1, askofu wa c5 anamzuia kumficha mfalme upande mfupi, na nyumba za karibu na mfalme zimelegea kiasi kwamba Nh5 pamoja na Qh4+ ni wazo la kukaa nalo akilini. Si mbaya kwako kama inavyoonekana, mradi usahau kabisa habari za g4.

Na wapo wanaorudi nyuma, hatua ya nne wanacheza 4.Nf3 badala ya kula c6. Kula e4 na farasi wako, 4...Nxe4, askari ni sawa kwa sawa, mchezo wa kawaida. Wengi wa wanaotegemea mitego hapa hupotea kabisa kwa sababu video haikufika huku. Usicheke, nimewaona wa 1900 wakitumia dakika nzima hapo.

Basi ufanye nini baada ya 7.c3? Kwanza, kubali kimoyomoyo kwamba mati haipo tena. Una askari mmoja pungufu, una kete zilizotoka mapema, na una mpinzani ambaye pengine ameshatumia sekunde arobaini. Huo ni mchezo, unachezeka. Mimi hupenda 7...Qe7. Akisukuma 8.d4, askofu anarudi b6 kwa heshima zake, na sasa e4 inatishwa na malkia na farasi kwa pamoja. Akiilinda vibaya, kwa mfano 9.Nd2, unakula: 9...Nxe4 10.Nxe4 Qxe4 na askari wako amerudi. Akisukuma 9.e5, farasi anakaa d5 na mchezo unaendelea. Asiposukuma d4, askari wake wa d3 amebaki nyuma kwenye safu iliyo wazi kwako: toa askofu wa c8, ficha mfalme upande mrefu, ngome ije d8, umkalie hapohapo. Injini itaendelea kukuambia uko chini, na ni kweli uko chini. Lakini mtu wa 1700 mwenye sekunde 70 mkononi, anayemlinda askari wa d3 huku askari wako wa h akiwa ameshafika h5, hajioni yuko juu hata kidogo.

Nataka ulione hilo kwa mfano wa mahali pengine kabisa. Mwaka 1918, New York, bingwa wa Marekani Frank Marshall alimtolea Mkuba José Raúl Capablanca askari kwenye Ruy Lopez kwa mpango aliokuwa ameuandaa: 8...d5 baada ya wote kuficha wafalme. Capablanca alilazimika kujilinda palepale ubaoni, akajilinda, akashinda. Kwa mantiki ya jirani yako gambiti hiyo ingezikwa siku hiyohiyo. Haikuzikwa. Zaidi ya miaka mia baadaye bado mabingwa wakubwa wenye kete nyeupe hucheza 8.h3 au 8.a4 ili wasikutane nayo. Sababu ni kwamba mtego ukikosa, Marshall bado ana kitu: maaskofu wawili wakali, ngome kwenye safu ya e, mfalme mweupe aliyebaki na walinzi wachache. Stafford haina utajiri huo, na sitakudanganya kwamba inao. Ila ina kiasi fulani, na wewe umekuwa ukikitupa chote kila mara mati inapokosa.

Kuhusu kushuka kwako, kuna sababu nyingine ambayo haina uhusiano na kipaji. Lichess inampa kila anayeanza 1500, kisha inamhamisha kadiri anavyocheza. Ulipokuwa 1500 hivi, wengi uliokutana nao hawakuijua Stafford. Ulipopanda 1700 ulianza kukutana na watu walioishaumwa na nyoka huyo mara kadhaa, na aliyeumwa hukumbuka. Kwa hiyo gambiti ilikupeleka mahali ambapo yenyewe inafanya kazi kidogo zaidi, na ujuzi wako mwingine haukuwa umepanda nayo. Endgemu yako, yaani sehemu ya mwisho ya mchezo, nathubutu kusema bila kuiona, imebaki ileile ya mwaka juzi, maana mechi zako nyingi zinaisha kabla ya kufika huko. Mtu anayeshinda kwa hatua kumi na mbili hajifunzi kumalizia na ngome na askari.

Usiniamini kwa maneno tu. Nenda kwenye kichunguzi cha ufunguzi cha Lichess, kuna sehemu unaweza kuweka jina lako mwenyewe ukaona mechi zako tu. Chagua rangi nyeusi, fika kwenye 4...dxc6, kisha angalia matokeo yako dhidi ya 5.d3, 5.Nc3, 5.e5, 5.f3, moja baada ya nyingine. Sehemu ya hifadhidata ya wachezaji wote nayo inakuruhusu kuchagua kasi ya mechi na kiwango cha wachezaji, uone gambiti hiyohiyo inavyonyauka kadiri unavyopanda. Halafu fungua mechi tano ulizopoteza na uangalie jambo moja: ni hatua ya ngapi ulipocheza tishio ambalo mpinzani alikuwa ameshalizuia? Nadhani jibu litakuwa karibu na hatua ya saba au ya nane katika nyingi ya hizo.

Na mtandao? Najua hali zetu. Bando likisuasua katikati ya mechi ya dakika tatu, Lichess hufidia ucheleweshaji mdogo lakini haiwezi kukufidia sekunde kumi za duara linalozunguka. Gambiti inayotegemea saa ya mpinzani haifai kuchezwa kwenye mtandao unaokula saa yako wewe. Siku mtandao ni mbovu, cheza mechi ndefu au funga simu.

Sasa suala la utapeli. Hapana. Kwenye sataranji kete zote ziko mezani, hakuna aliyeficha karata. Nyeupe ana macho kama yako, na alikula askari kwa hiari yake. Utapeli ni kuwasha injini pembeni, na hilo lina adhabu yake. Jirani yako ana hoja nyingine ndani ya hasira yake, nadhani, nayo ni kwamba unamchosha kwa mchezo uleule. Hapo simlaumu. Wewe mwenyewe umesema mnacheza jioni, bila saa ya dakika tatu nadhani, na mtu anayekaa dakika tano mbele ya 6...h5 ataiona 7.c3 siku moja, na akishaiona hataisahau.

Dawa yake ni nzuri kuliko unavyodhani, kwa sababu hatua mbili za kwanza za Stafford ndizo hatua mbili za kwanza za Petrov wa kweli. Huna haja ya kujifunza ufunguzi mpya. Hatua ya tatu tu ndiyo inabadilika: 3.Nxe5 d6 4.Nf3 Nxe4 5.d4 d5, na uko kwenye ufunguzi ambao Fabiano Caruana aliutumia mwaka 2018 jijini London dhidi ya Magnus Carlsen kwenye mechi ya ubingwa wa dunia, ile iliyomaliza michezo yote 12 ya kawaida kwa sare. Ushike vizuri mpangilio, maana Petrov naye ana kisu chake: ukikurupuka 3...Nxe4 bila d6, 4.Qe2, na farasi akikimbia 4...Nf6, basi 5.Nc6+ ni cheki ya malkia wa e2 kupitia safu ya e huku farasi akimtazama malkia wako. Umepoteza malkia hatua ya tano, na huyo siyo wa kujitolea.

Kwa hiyo mgao wangu ni huu. Dakika tatu bila nyongeza: Stafford, kwa raha zako. Tatu na nyongeza ya mbili: changanya, na mtu uliyekwisha kumnasa mara moja mchezee 3...d6 safari ya pili, atakuwa amekaa na 7.c3 yake mkononi hana pa kuiweka. Dakika kumi na kuendelea, na jirani: Petrov. Mashindano ya ana kwa ana, hasa ligi ambako wapinzani wanajua utacheza nini: Petrov, na usibishane nami. Na kila wiki tenga mechi chache za 15+10 usizokimbilia mati, ili hiyo endgemu ipate mwalimu.

Ukicheza Stafford, weka pia nidhamu ya saa upande wako. Hatua saba za kwanza unazijua, zipige upesi bila kuonyesha unafikiri. Ukifika kwenye 7.c3 au 5.f3 au hatua yoyote usiyoitambua, tumia sekunde kumi hapo, ndizo za thamani kuliko zote kwenye mechi. Wengi wanafanya kinyume: wanafikiri kwenye hatua wanazozijua kwa sababu wanafurahia, kisha wanakurupuka pale palipobadilika.

Mwisho Englund, 1.d4 e5. Naielewa hamu, maana wachezaji wa d4 hawakuruhusu kucheza Stafford. Mtego wake ni mtamu: 2.dxe5 Nc6 3.Nf3 Qe7 4.Bf4 Qb4+ 5.Bd2 Qxb2 6.Bc3?? Bb4! Askofu wa Nyeupe amefungwa kwa mfalme, 7.Qd2 Bxc3, na akila kwa malkia, 8.Qxc3, basi 8...Qc1 mati. Tatizo ni kwamba Nyeupe akicheza 6.Nc3, hatua ambayo mtu anaweza kuicheza hata bila kujua chochote, umebaki na malkia anayezurura peke yake pembeni, kete zako karibu zote ziko nyumbani, na mfalme katikati. Anakuja Rb1, anakuja Nd5 kuitazama c7, na huna hata ile fidia ndogo ya Stafford, maana hapa ni wewe uliyetumia hatua kutembeza malkia wakati Nyeupe anatoa kete. Stafford ikikosa unacheza mchezo mbaya kidogo. Englund ikikosa unakimbizwa. Dhidi ya 1.d4 jifunze kitu kinachokaa, Ulinzi wa Slav au Gambiti ya Malkia Iliyokataliwa, ukipenda damu jifunze gambiti ya Benko, ambayo askari wake ana malipo hata mpinzani asipokosea. Englund waachie wanaocheza dakika moja.